Zawadi Kutoka Chini ya Sakafu ya Watawa

Glasi ya Bi Mwanakheri ilikuwa haitakati. Violeth, mfanyakazi wa nyumba aliyetoka Bukoba, aliisugua kwa sabuni na maji ya moto, akaisugua tena, na bado vidole vikateleza. Utando mweupe ulikuwa umeganda ndani, unanuka maziwa yaliyooza.

"Dada Kheiria, mama anakunywa nini siku hizi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi hii siwezi tena kuigusa."

Kheiria, binti wa bibi huyo, aliipokea glasi, akainusa, akaiweka chini upesi, maana harufu ile aliijua. Kazi yake ni kuchimba mambo ya kale, na alikuwa ametoka Uingereza juzijuzi, kwenye magofu ya nyumba ya watawa Wafransisko, wale wa kanzu za kahawia na mshipi wa kamba, waliozikana chini ya sakafu ya kanisa lao karne nyingi zilizopita. Ardhi ya pale ni chepechepe. Maiti akilala majini hivyo, mwili wake hauozi wote. Mafuta yake huganda yakawa kama nta, madonge meupe yanayomeguka kidoleni. Alipewa ruhusa kuyaleta machache kwao Maskati akayapime. Akakuta maabara imefungwa kwa sikukuu, basi msomi wetu akayatia kwenye friji la mama yake, mtaa wa Khuwair ya Kusini, ndani ya kopo lisiloandikwa kitu.

Alilikimbilia friji. Kopo lilikuwa tupu.

Nyumba nyingi za Maskati hazikosi lubani, ule ubani wa kufukiza. Ile nzuri, nyeupe, hulowekwa majini usiku kucha, na asubuhi mtu huyanywa maji yake kabla hajatia kitu tumboni. Tena anayerudi safari haji mikono mitupu. Bi Mwanakheri aliliona kopo, akayaona madonge, akamwombea dua mwanawe.

"Lubani yako kali, mwanangu," alisema alipoulizwa. "Mwanzo ilinishinda. Sasa nna hamu nayo hata chakula sikitaki. Hujabakisha nyengine?"

Kheiria alisema imekwisha, akaishia hapo. Utamwambiaje mama yako kwamba amekunywa mtu?

Tangu hapo Bi Mwanakheri akakataa wali, akakataa samaki, na mchana mmoja Violeth akamkuta nyuma ya jiko amechutama juu ya mfuko wa taka, ananyonya mafuta ya mbuzi yaliyokwisha kuota ukungu. Mwili ulikuwa unakonda, lakini ngozi inatoa ute, na shuka zikitolewa kitandani zilinata mikononi. Chumbani kwake kiyoyozi kilinguruma kutwa na uvundo haukutoka, na chini ya ngurumo ile, Kheiria akitega sikio, alisikia kitu kibichi kikijiburuta chini ya kitanda, kikinyamaza anapoinama, kikianza tena anapoinuka, na kila kikianza mama yake alilamba midomo na kucheka cheko zito la kiume, na Kheiria akatokwa na machozi ya hofu na kinyaa pamoja, akajichukia kwa kumwonea kinyaa mama aliyemzaa.

Akaitwa Sheikh Suud kutoka mtaa wa Hail, mjomba wake Kheiria, bingwa wa visomo vya kutoa mashetani. Alisoma mpaka mgonjwa akafumbua macho.

"Nani wewe?" Sheikh aliuliza.

"Mimi ndiye mlinzi wa kaburi la watawa," ilijibu sauti ya kiume kinywani mwa bibi. "Kila aliyelazwa pale alikuwa riziki yangu. Binti huyu kanibeba mimi na sahani yangu."

Sheikh alimwonya Kheiria. "Asikujibishe huyu. Chochote atakachokuomba, usimpe. Nakwenda kutia udhu, narudi sasa hivi."

Alipotoka tu, kile kitu kikageuza kichwa cha mama yake taratibu.

"Nimemla mpaka kiunoni," kilinong'ona. "Kabla mzee wako hajamaliza kisomo nitakuwa nimefika moyoni. Mimi sina haja ya kizee. Nina haja ya pa kukaa."

Kheiria aliutazama mkono wa mama yake, mfupa uliovikwa ngozi inayonata, na maonyo yote yakamtoka kichwani.

"Mwache mama yangu," alisema. "Njoo kwangu."

Bi Mwanakheri akajikunja, Violeth akaingia mbio na beseni, na bibi akatapika. Yalijaa beseni, madonge meupe yenye nywele ndani yake, na Violeth aliyekuwa amelishika akageuza uso akilia. Kisha bibi akajifuta kinywa kwa ncha ya mtandio.

"Mbona nanuka hivi, mwanangu?" alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nna njaa. Nipikieni uji."

Sheikh aliporudi alimshukuru Mungu, akaamini ni kisomo chake kilichofanya kazi, akaamuru uchafu ule ufukiwe uani. Violeth alikimbilia jikoni kubandika uji. Kheiria akaliinua beseni, akabana pumzi, akatoka nalo.

Uani pumzi ilimwishia, akavuta hewa. Palinuka vizuri, samli iliyoyeyuka na sukari, halua inayotolewa motoni. Alitafuta inakotokea, akainamia beseni, na mate yakamjaa kinywani.

Akageuka kutazama kama mlangoni hakuna mtu.