Fomu Mia Mbili za Awino

Upepo wa soko la Konyo Konyo asubuhi ile uliinua mwavuli wa muuza nyanya, kofia ya polisi na mbuzi mmoja mdogo. Anayebisha akamuulize mbuzi. Ukamnyang'anya na Awino, binti wa Kisumu mwenye gauni la njano, fomu mia mbili alizotoka kuzitoa kopi. Zilikuwa za kuwauliza wanafunzi wa chuo anachofanyia kazi wameridhika na nini, na nini kinawaudhi.

Mganda mmoja mrefu, ovaroli imelowa grisi, akazikimbiza mpaka kwenye meza ya samaki.

"Madam, karatasi yako iko hapa. Hii moja, samaki amesoma."

"Ameridhika?"

"Samaki iko sawa. Mimi ndiyo bado. Sijaona namba ya simu."

Alikuwa Matiya, kumbe mwalimu mpya wa umakanika chuoni hapohapo. Mwezi haukuisha, simu zao zikawa moto kuliko injini.

"Mpenzi," Awino alimnong'oneza siku moja, "hii kazi ya fomu ikiharibika, mkataba umeisha. Narudi Kisumu."

Matiya akashtuka. Kesho yake akawaambia wanafunzi wake wapitishe neno chuo kizima: kila swali, tano juu ya tano.

Mkuu wa chuo, Mama Teresina, aliposoma fomu zilizojazwa alivua miwani. "Ya Awino, wewe! Hata maktaba imepata tano? Maktaba gani? Tuna kabati, na ufunguo umepotea! Umejaza mwenyewe?"

Awino akampigia Matiya simu akilia. Matiya akakiri.

"Nilitaka ubaki, sweetie."

"Umenifanya mwongo! Usinipigie tena."

Matiya akaenda mwenyewe kwa Mama Teresina, akaungama, akaomba fomu zirudiwe. Safari hii wanafunzi walimwaga ukweli: choo hakina maji, jenereta inazima katikati ya somo.

"Khalas, basi, hii ndiyo kazi!" Mama Teresina akamsainia Awino mkataba mpya. "Lakini fomu thelathini za umakanika zinasema neno moja. Soma."

Awino akasoma: *Mwalimu hali, hafundishi, anatazama mlango wa ofisi ya fomu. Injini moja tumeifungua mara tano. Chuo kimwoze.*

"Hilo halimo kwenye bajeti yangu," alisema Mama Teresina. "Litatue wewe."

Awino akapiga simu. "Mwalimu, umelalamikiwa."

"Najua. Nitabadilika."

"Hawataki ubadilike. Wanataka uoe."

Kitu kikaanguka kwa kishindo.

"Matiya?"

"Mimi iko! Ni spana tu. Baba yako anapenda ng'ombe wa rangi gani?"