Viatu Visivyo na Vumbi

Mchana ule Gilbert aliporudi nyumbani, Wakesho aliviona viatu vya mumewe nyuma ya mlango, navyo vilikuwa safi. Anayeijua Voi ataelewa kwa nini alisita. Udongo wetu mwekundu hauna adabu. Ukienda dukani tu na kurudi, umeshakupanda hadi magotini. Na Gilbert alifanya kazi Maungu, kwenye gereji ya malori, ambako hushinda amelala chini ya magari.

"Leo umepata lifti?" Wakesho aliuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Nimepata."

Hakugusa chakula. Chumba kilinuka mvua, ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa sasa hivi, na mvua haikuwa imeonekana kwa miezi. Kisha akamshika mkono, akamwongoza chumbani kwa upole ambao Wakesho alikuwa ameshausahau. Kiganja chake kilikuwa baridi.

Jioni Gilbert alirudi tena, grisi hadi kwenye nyusi, akaomba chakula kama mtu aliyeshinda njaa. Wakesho hakuuliza. Mwanamke anayetafuta mtoto halalamiki kwamba mumewe anarudi mchana. Ziara zile ziliendelea, saa ambazo jua limekwama juu ya mabati na mtaa wote umelala, na yeye akajiambia kwamba hatimaye mwenzake amemhurumia.

Maana alikuwa ameteseka. Alishonea watoto wa watu sare za shule, naye hana wa kumvalisha. Alimeza vidonge vilivyomtia kizunguzungu, akapigwa picha ya mirija ya uzazi kwa dawa iliyomchoma hadi akalia, akaambiwa hana kasoro. Kila mara Gilbert, ambaye tayari ana watoto na mke wake wa kwanza, Rita, alimwekea mkono begani akamwambia, "Vumilia." Mkono huo, kila nikiufikiria, hasira hunipanda.

Mwishowe Wakesho alimburuta hadi kliniki moja ya Mombasa. Daktari Zubeida aliwapima wote wawili, akamgeukia Gilbert.

"Ile operesheni ya kukufungua, ulifanyiwa muda gani baada ya kufunga uzazi?"

"Nani alifunga uzazi?" Wakesho akauliza.

Gilbert aliangalia vidole vyake. Kumbe lile kovu la kisu mwilini mwake, alilosema ni la henia, halikuwa la henia. Alifunga uzazi enzi za Rita, akafunguliwa kwa siri baada ya kumwoa Wakesho, njia ikaziba tena, na haya yote aliyajua wakati mwenzake akichomwa kwa kosa lisilo lake.

Daktari, aliyedhani mke anajua, alijaribu kuokoa mambo. "Hamjakosa njia. Mbegu zake zimo, zimekosa pa kupita tu. Naweza kuzivuta kwa sindano kutoka kwenye korodani, tukazitia ndani ya mayai yako kule maabara. Au afunguliwe upya, ingawa muda umepita sana. Au mtumie mbegu za mfadhili, lakini hizo sizigusi mpaka wewe mwenyewe uniambie umekubali."

Muuguzi akaleta majibu ya Wakesho, kipimo cha kawaida kabla ya matibabu. Daktari aliyasoma, akayasoma tena. "Mama, una mimba."

Mwanamume mwingine angesimama akauliza ni ya nani. Gilbert hakuinua hata kichwa, na hapo Wakesho akajua kwamba hajashangaa.

"Wewe huwa unarudi mchana?" Wakesho alimuuliza walipofika sebuleni kwao, kwa sauti ndogo.

"Sijawahi."

"Basi ni nani anayekuja?"

Gilbert alisimulia kwa kunong'ona. Mzee mmoja kule Mata alimwambia kwamba yupo jini anayeweza kumfanyia kazi ile, mradi mwenye nyumba amkaribishe. Akamwachia mzee shati lake, ili jini aje kwa sura yake. Kisha akarudi, akasimama mlangoni pa nyumba yake, Wakesho akiwa usingizini, akasema: karibu, nyumba ni yako.

"Nilitaka upate mtoto."

"Ulitaka nisijue. Daktari asiyenijua ameniuliza kama nakubali. Wewe hukuniuliza."

Wakesho alimwita shangazi yake, Mable, ambaye aliteremka kutoka Werugha kule milimani na shuka la baridi bado mabegani na chupa ya maji ya muwa. Alipoingia tu, akanusa mvua. Kwao Werugha mgeni wa namna hii hafukuzwi kwa kelele. Aliyeumizwa hujaza kinywa maji hayo ya muwa, akaitema hasira nje pamoja na maji, akatamka kwamba moyo wake umepoa. Nyumba ikishapoa, mgeni hukosa pa kukaa.

"Lakini iwe kweli," shangazi alisema. "Ukisema umepoa na hujapoa, atakaa. Na akitoka, mwanangu, atatoka na chake."

Wakesho aliweka mkono tumboni.

Jua lilipopanda juu ya mabati kuku walinyamaza, na harufu ya mvua ikaanza kupenya chini ya mlango, na gurudumu la cherehani likazunguka polepole bila mguu wa mtu, na nje kwenye changarawe kukawa na mwendo wa mtu asiyekanyaga, ukija, ukija, hadi ukasimama, na Gilbert, aliyekuwa ameketi pale pale ndani akitiririka jasho, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka nje.

"Hodi, Wakesho."

"Tema," shangazi alinong'ona. "Tema sasa."

Gilbert alipiga magoti. "Nisamehe. Turudi kwa daktari, nitakubali sindano, nitakubali chochote."

Wakesho akajaza kinywa. Maji yalikuwa matamu. Alitaka kusamehe, Mungu anajua alitaka. Alishaelekeza uso mlangoni. Ndipo Gilbert akainuka akamwekea mkono begani.

"Vumilia kidogo tu," alisema.

Wakesho akameza.

Shangazi alijifunika uso kwa shuka.

"Chukua viatu vyako, Gilbert," Wakesho alisema. Vilikuwa nyuma ya mlango, vyekundu kwa vumbi, na kando yake vilishatokea vingine, safi, ambavyo hakuna aliyeviweka. Alingoja mpaka mumewe alipotoka kwa mlango wa jikoni na viatu mkononi. Kisha akaondoa komeo la mlango wa mbele.

"Karibu," alisema. "Lakini nyumba ni yangu."