Kifuniko cha Sufuria Kwenye Foleni

Kila siku ya pensheni, kabla ya kwenda shule, Kiroboto alikuwa na kazi ya kupanga wazee kwenye foleni. Si wazee wenyewe. Wenyewe saa hiyo walikuwa bado wanatafuta viatu chini ya vitanda. Alipanga vitu vyao.

Kiroboto alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja hata chai ikapoa. Bibi alikuwa fundi cherehani, na kabla ya hapo alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini, ndiyo maana naye alikuwa na pensheni.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu benki ya mji wao mdogo ifungwe. Watu wa benki walibandika karatasi mlangoni, wakang'oa kibao, wakaondoka na kila kitu, hata zile kalamu zilizofungwa kwa kamba. Tawi lililobaki lilikuwa katika mji mkubwa wa mbali, saa mbili kwa basi kwenda na saa mbili kurudi. Muuza chai wa mbele ya benki alihama. Watu wa mashambani waliokuwa wakija benki na kumwachia Bibi vitambaa vya kushona, sasa walishonesha hukohuko walikofuata pesa.

Aliyebaki ni wakala, kijana mwenye meza moja na mashine ndogo, aliyekaa kwenye ngazi za benki iliyofungwa. Siku ya pensheni alikuja na pesa za kutosha watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alipewa pole.

Basi wazee wakajitungia utaratibu. Siku moja kabla, kila mmoja alipeleka kitu chake kwenye baraza ya Bibi. Aliyewahi alikuwa mbele. Alfajiri Kiroboto alivibeba kwenye beseni na kuvipanga kwenye ngazi vilevile vilivyokuwa: nusu tofali, kandambili moja, chupa tupu ya dawa, na kuendelea. Kipande cha mbao kilikuwa cha Babu Seremala. Kifuniko cha sufuria chenye kutu kilikuwa cha Bibi, na siku zote kilikuwa cha mwisho.

"Bibi, baraza ni yetu. Kwa nini usiweke cha kwanza?"

"Kwa sababu baraza ni yetu," alijibu Bibi, na maneno yakaisha hapo.

Mwezi uliopita pesa ziliisha tena kabla ya kumfikia Bibi. Alipanda basi, akarudi jioni viatu mkononi, miguu imevimba haiingii popote. Nauli na chakula cha njiani vilikula pesa za kitambaa cha sare alizoagizwa, na aliyeagiza akaenda kwa fundi mwingine. Wiki nzima walikunywa uji usio na sukari. Kiroboto alichoka kuutazama uji ule, na uji nao ulionekana umechoka kumtazama yeye.

Asubuhi ya pensheni ya mwezi huu, Kiroboto alimkuta Afande ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Afande alikuwa mlinzi wa benki. Ilipofungwa aliambiwa arudi nyumbani. Alirudi, akakaa siku nne, mkewe akamwomba arudi kulinda.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Leo umeniletea watu wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Hakuna mgonjwa humo?"

"Huyu ana kutu kidogo," alisema Kiroboto, akionyesha kifuniko.

Akavipanga kimoja kimoja. Cha kumi na moja kilikuwa kipande cha mbao, cha kumi na mbili kifuniko. Akasimama, akavitazama. Kisha akakiokota kifuniko, akasogeza vingine, akakiweka kiwe cha tatu. Afande alikohoa. Kiroboto aliweka beseni kichwani, akaondoka mbio kama anayefukuzwa na nyuki.

Aliporudi kutoka shule, alikuta sukari mezani na kitambaa kipya cha sare kando ya cherehani.

"Leo nilikuwa wa tatu," alisema Bibi, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Nikasema wamenifananisha na mtu. Wakaniambia, simama kilipo kifuniko chako. Ulivipanga kama vilivyokuwa barazani?"

Kiroboto aliinama kuvua viatu.

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alimtazama juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaendelea kukanyaga cherehani. Uji wa jioni ulikuwa na sukari ya kutosha, lakini Kiroboto aliacha nusu kikombe.

Kesho yake, akitoka shule, aliona watu wamejaa uani kwa Babu Seremala. Mke wake alikuwa amelala mkekani, jasho linamtoka, jirani anampepea kwa mfuniko wa ndoo.

"Ana nini?" Kiroboto aliuliza.

"Presha. Vidonge vimeisha tangu juzi," alisema jirani. "Mzee alijua jana angepata pesa, alikuwa wa kumi na moja. Amefika pale wakamwambia ni wa kumi na mbili. Ameondoka na basi la alfajiri kwenda mjini, na mguu wake ule mbovu. Hajarudi mpaka sasa."

Kiroboto hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia hadi nyumbani, akasimama mbele ya cherehani, na maneno yote yakamtoka kwa mkupuo mmoja: mbao, kifuniko, wa tatu, vidonge.

Bibi hakupiga kelele. Hilo lilimtisha Kiroboto zaidi. Bibi alivua miwani, akatoa pesa zilizobaki ndani ya kopo la vifungo, akakunja kile kitambaa kipya.

"Kitambaa kinarudi dukani. Vidonge vinakwenda kwa mgonjwa. Vaa viatu."

Walichukua kopo tupu la vidonge nyumbani kwa mgonjwa, wakaenda nalo duka la dawa, mwenye duka akalisoma na kuwapa vilevile. Mgonjwa alimeza, na jua lilipoanza kushuka akaweza kuketi na kuulizia mume wake. Babu Seremala akatokea wakati huohuo, anachechemea, ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Babu," alisema Kiroboto. Kisha akamweleza yote, akitazama vidole vya miguu yake.

Mzee aliketi kwenye benchi polepole, kipande kwa kipande.

"Mwanangu, nimepima mbao miaka arobaini. Juzi, pale barazani kwenu, nilihesabu ile foleni mara tatu. Nilijua mimi ni wa kumi na moja. Waliposema kumi na mbili, nikajiambia, haya, akili ndiyo imeanza kuondoka. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa najihesabu vidole, nione kama bado ni kumi."

Hapo ndipo Kiroboto alipolia. Alikuwa amefikiri ameiba nafasi moja tu.

Jumamosi Bibi alimpeleka kwenye ngazi za benki, wazee wote wakiwapo na wakala yuko mezani kwake, na Kiroboto akarudia maneno yale mbele yao. Mwenye kandambili alisonya. Afande akavua kofia.

"Nilimwona," alisema. "Nikakohoa nikidhani kikohozi kinatosha. Nikasema ni mtoto. Na mimi nina kosa."

"Wote tunagombania pesa za watu kumi na mmoja," alisema mama mwenye duka la jumla, aliyekuwa amesimama kando. "Na mimi siku hiyohiyo ya pensheni nakwenda mjini na mauzo yangu kwenye ndoo, nimeyafunika kwa unga, roho mkononi, nikayaweke benki. Nilipishana na basi la wakala anarudi na pesa zenu. Hata mkono nilimpungia."

Babu Seremala aliinua kichwa.

"Ngoja. Wewe unapeleka pesa mjini. Huyu anazifuata mjini. Mnapungiana njiani?"

Watu wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka.

"Mama akiweka mauzo yake kwangu, mimi nalipa hata watu ishirini," wakala alisema, akijikuna kisogo. "Sikuwahi kujua."

"Hukuuliza," alisema mama wa duka. "Ila stakabadhi nataka, na Afande akae karibu."

"Nimekaa hapa miezi saba bila kitu cha kulinda," alisema Afande. "Leteni."

Wakiwa njiani kurudi, Bibi alitembea, mkono begani mwa Kiroboto, maana miguu bado ilimuuma.

"Benki ilipokuwapo," alisema, "kulikuwa na vioo, makufuli na rungu la Afande. Sasa foleni yetu inalindwa na kitu kimoja tu: kwamba mwenye beseni hatagusa. Ulinionea huruma, najua. Lakini huruma yangu uliitoa mfukoni mwa mwingine. Siku nyingine ukiniona nimechoka, niambie, 'Bibi, umechoka.' Tutafute njia pamoja. Usinitafutie ya mlango wa nyuma."

"Ndiyo, Bibi."

"Na uji mwezi huu hauna sukari."

"Najua, Bibi."

Benki haikurudi. Lakini siku ya pensheni iliyofuata, Kiroboto alipofika kwenye ngazi na beseni lake, alimkuta Babu Seremala amewahi, anamngoja. Aliweka vitu vyote kama vilivyokuwa barazani, kifuniko mwisho. Mzee akapita akihesabu kwa sauti, akigusa kila kimoja kwa ncha ya fimbo, mpaka akafika kwenye kipande chake cha mbao.

"Kumi na moja," alisema, akatabasamu. "Bado nipo."