Pamba Nyeupe na Mamba wa Bibi Rosmarie

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Nadja Furrer huosha vyombo kwa kishindo mpaka mama yake hupaza sauti, "Nenda, nenda zako, kabla hujanimalizia sahani!" Basi huyo, mbio mpaka kwenye ghala la zamani la mizigo, kando ya stesheni yetu ya Erstfeld, huku milimani Uswisi. Mlangoni huvua viatu akavaa sapatu za sufu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya chama chetu cha reli ndogo. Hakuna kiatu kinachoingia ndani, uwe nani, uwe nani. Mwaka jana tulimvua viatu mwenyekiti wa mji mzima, tukaona kidole gumba kikichungulia kwenye soksi.

Mimi ndiye mpika kahawa wa chama hicho, kwa hiyo haya ninayowaeleza sikuhadithiwa. Niliyaona.

Ndani ya ghala mna meza moja kubwa, na juu ya meza mna dunia nzima. Mna mlima wa plasta, madaraja, kanisa dogo, ng'ombe wasiokua hata siku moja, na njia ya reli inayopanda ikizunguka mlima. Juu ya reli kuna nguzo, na kwenye nguzo umetandazwa waya mwembamba kama uzi. Vyama vingine hutundika waya huo uwe pambo tu, umeme wenyewe wakaupitisha relini. Sisi mchezo huo hatuutaki. Kwetu treni hula umeme kutoka juu, kama zile kubwa zinazopita nje. Umeme wenyewe ni mdogo, hata nzi haumdhuru, lakini ni wa kweli.

Kila kichwa cha treni kina mkono wa kukunjuka juu ya paa, na mkono huo husugua chini ya waya kinapokwenda. Waya ukiwa laini, treni hupita salama. Ukiwa na kinundu cha risasi iliyoyeyushwa ikaganda mahali ulipolehemiwa, mkono hunasa, na ukinasa huvunjika.

Ndiyo maana chama kina sheria ya pili: aliyelehemu hapimi. Akimaliza kulehemu, mwenzake huchukua kipande cha pamba na kukipitisha chini ya waya, taratibu, nguzo hadi nguzo. Penye kinundu pamba hunasa na kuacha unyuzi, na hapo husuguliwa kwa tupa. Mwisho mpimaji humkabidhi fundi ile pamba na kusema neno moja tu, "Safi."

Fundi wetu mkuu ni Bwana Alois Gisler, mzee aliyefanya kazi kwenye nyaya za reli kubwa maisha yake yote mpaka alipostaafu. Mkono wake unasifiwa bonde zima, na mdomo wake unaogopwa bonde zima. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyemchagua Nadja, msichana wa miaka kumi na miwili, awe mpimaji wake.

"Lakini Bwana Alois," Nadja alimwuliza siku ya kwanza, "chini ya waya nani atapaona?"

"Treni," akajibu mzee. "Watu hutazama juu yake, wakasema lo, pazuri! Treni inapajua chini. Shika pamba."

Nadja aliishika, na kwa vuli nzima aliifanya kazi ile kwa moyo. Alishukuru kupewa mahali mezani pale. Mara nyingi aliniambia, "Hapa hakuna anayeniambia toka, mtoto wewe."

Sasa niwaeleze habari za Mamba. Mamba ni kichwa cha treni cha kijani, chenye pua ndefu mbele na nyuma, ambacho babu zetu walikipandisha milimani. Mmoja mkubwa amesimama karibu na stesheni yetu hadi leo. Mamba mdogo wa chama aliundwa na marehemu Karl Odermatt, kwa shaba, mezani jikoni kwake, majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Ile mikono ya juu ya paa aliikunja mwenyewe kwa koleo, na hakuna duka linaloiuza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu Karl afariki, Mamba hakutoka tena kabatini kwao, nyuma ya kioo, na mjane wake, Bibi Rosmarie, hakuruhusu mtu amguse.

Mwezi wa Novemba Bibi Rosmarie alikuja mwenyewe, Mamba yumo ndani ya sanduku, kafunikwa kitambaa cha mezani.

"Karl aliahidiwa kwamba njia ya mlimani ikikamilika, wa kwanza kupita chini ya waya ni Mamba," alisema. "Asitangulie mwingine. Nataka apite Jumapili ya kwanza ya Majilio, tunapoanza kuingoja Krismasi, watu wakija kutazama. Na Nadja ndiye atakayemwendesha."

"Mimi, Bibi?" Nadja akapigwa na butwaa. "Mimi huyu?"

"Ulipokuwa mdogo, ukibandika pua kwenye kioo cha kabati, Karl alikuwa akikwambia nini?"

"Alikuwa akisema, 'Kua upesi, mikono yangu inachoka.'"

"Haya, umekua," alisema Bibi Rosmarie. Nadja alimshika mkono, machozi yakamlengalenga.

Kazi ya waya ilikwisha Jumamosi, siku moja kabla ya watu kuja. Kipande cha mwisho kilikuwa ndani ya handaki, katikati ya mlima. Bwana Alois alikilehemu, akatoka akijinyoosha kiuno, akaja kwangu kunywa kahawa.

"Alois, mkono wako dhahabu!" nikamwambia.

"Eti nini? Sikusikia vizuri," akasema mzee, ili nirudie. Nikarudia, na wengine wakaniunga mkono.

Wakati huo Nadja alikuwa ametambaa chini ya meza na kutokeza kichwa ndani ya mlima, pamba mkononi. Mle ndani mlikuwa na giza, vumbi la plasta na utando wa buibui. Shingo ilimuuma kabla hata hajaanza. Na nje, theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa inaanguka.

"We fundi pamba!" Huyo ni Silvan, binamu yake, amebandika uso dirishani, begani kamba ya sledi, kile kigari cha kutelezea thelujini. "Utatoka lini? Wenzio wako mlimani saa nyingi! Au unamkuna mlima mgongo?"

"Nakuja!"

"Ulisema hivyo tangu zamani! Theluji haikungoji wewe!"

Nadja aliutazama waya gizani. Akajiambia: huu umelehemiwa na Bwana Alois mwenyewe. Pamba itakuta nini? Basi akatoka chini ya meza, akajikung'uta vumbi, akamkabidhi mzee ile pamba.

"Safi," alisema.

Bwana Alois aliitazama, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Asante, mkono wangu wa pili. Kacheze."

Alicheza, ndiyo, lakini mchezo haukunoga. Kila sledi iliposimama, neno lile lilimrudia. Neno dogo, na Bwana Alois alikuwa ameshukuru kwa ajili yake. Silvan akamwuliza, "Mbona umenuna kama aliyemeza ndimu?" Nadja akasema ni baridi.

Jumapili ghala lilijaa. Watu wazima na watoto walijipanga kuizunguka meza, wote na soksi na sapatu, huku harufu ya makaroni kwa jibini ikitoka jikoni kwangu. Bibi Rosmarie aliketi mbele kabisa, kavaa koti lake la kanisani na bruchi ya kifuani aliyopewa na Karl. Mamba alisimama stesheni, ameng'arishwa, mkono wake umeinuliwa hadi kwenye waya. Nadja alikaa mbele ya kitasa cha kuendeshea, na gauni lake jipya la buluu.

"Kwa jina la Karl," alisema Bibi Rosmarie. "Mwondoshe, mwanangu."

Nadja akazungusha kitasa, Mamba akaondoka. Hakika lilikuwa jambo la kupendeza! Alipita kanisani, akapita darajani, akaanza kupanda taratibu, mkono wake ukiteleza chini ya waya bila hata kutikisika. Bibi Rosmarie akaweka kiganja mdomoni.

Mbele ukaonekana mlango wa handaki. Nadja alimtazama Mamba, akamtazama Bibi Rosmarie. Kisha akarudisha kitasa, na Mamba akasimama, pua yake karibu kuingia gizani.

"Mamba kasinzia!" akapiga kelele Silvan, na watu wakacheka.

Nadja alisimama. Masikio yalikuwa yamemwiva mekundu. "Bibi Rosmarie, nisamehe. Waya wa mle ndani sikuupima. Nilisema safi, nami sikuugusa kabisa."

Kicheko kikakatika. Bwana Alois akasogea mbele, uso umemwiva.

"Upuuzi gani huu? Waya ule nimelehemu mimi. Mimi! Endesha, mtoto, watu wanangoja."

"Aliyelehemu hapimi, Bwana Alois," alisema Nadja, na sauti ilikuwa ndogo. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mzee alifungua mdomo, Bibi Rosmarie akamwahi. "Alois, kaa kimya. Nadja, nenda kapime. Huyu Mamba amengoja miaka, atangoja na sasa."

Nadja akapiga magoti na gauni lake jipya, akatambaa chini ya meza. Tukasikia sauti yake ikitoka tumboni mwa mlima. "Hapa safi... Hapa safi..." Halafu akasema, "Pamba imenasa."

Bwana Alois hakungoja kuambiwa. Alichukua taa na kioo kidogo, akashuka chini ya meza na magoti yake mabovu, akiguna njia nzima. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, masharubu yalikuwa meupe kwa plasta, na ule ukali wote umemtoka.

"Ni kinundu," alisema. "Kama punje ya ulezi. Kingemng'oa Mamba mkono aliokunja Karl." Kisha akaongeza kwa nguvu, kila mtu asikie, "Na ni changu mimi."

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami niliyemsifu niliinamisha kichwa juu ya birika langu.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ile pamba ya jana, akaiweka kwenye kiganja mbele ya Nadja. Ilikuwa nyeupe pe.

"Unaiona? Hata waya mzuri kuliko wote huacha weusi kidogo kwenye pamba. Hii niliiona jana kwamba ni nyeupe mno. Niliiona, Nadja! Nikajiambia, basi Alois, mkono wako umekuwa safi hivyo. Wewe ulisema uongo, na mimi niliupenda, kwa sababu ulinisifu."

"Nisamehe, Bwana Alois."

"Nimekusamehe. Na wewe nisamehe mimi. Haya, lete tupa."

Mzee akasugua, Nadja akapima tena. Safari hii pamba ilitoka na mstari wa kijivu, akaizungusha mbele ya watu wote mpaka kwa Bwana Alois. "Safi," alisema. Mzee aliichunguza kwenye mwanga pande zote mbili, bila haya, kabla hajakubali.

Kisha Mamba akaingia handakini. Tulimsikia akinguruma ndani ya mlima, hatumwoni. Akatokeza upande wa pili, mkono wake mzima juu ya paa, akapanda mpaka kileleni. Ghala lilirindima kwa makofi. Silvan ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Bibi Rosmarie alilia waziwazi. Alimvuta Nadja akamkumbatia, plasta na utando wa buibui vyote vikamganda kwenye koti la kanisani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Asante kwa kumsimamisha. Kumwendesha, yeyote angeweza."

"Mimi ndiye wa kushukuru, Bibi. Nilidhani utamchukua Mamba urudi naye nyumbani."

"Na nimpe nani? Nani mwingine atanieleza ukweli kabla kitu hakijavunjika?"

Bwana Alois alikuwa akijipangusa masharubu. "Sikilizeni, nyinyi watoto," alisema, akimtazama hasa Silvan, "na nyinyi watu wazima mnaojifanya hamsikii. Pamba haijui nani bingwa na nani mwanafunzi. Ukipewa kazi ya kupima, pima, hata kama aliyelehemu ni babu yako. Ukiwa hukupima, sema hukupima. Kusema kutakuchoma uso siku moja, lakini kitu cha mtu kitabaki kizima." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, punguza sukari kwenye sifa zako. Makaroni yako wapi?"

Tukala makaroni, na mchuzi wa tufaha juu yake, mpaka sufuria likakwanguliwa.

Jumamosi iliyofuata Nadja alipofika, Bwana Alois alimkabidhi chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza. Alimwonyesha kipande cha waya kwenye handaki la pili, la njia mpya tuliyoanza kuijenga, dogo na lenye giza kuliko la kwanza. Nadja akalehemu mchana kutwa, ulimi nje kwa kukazana. Alipomaliza, mzee alichukua pamba, akashika kiuno, akaanza kushuka chini ya meza, akilalamikia magoti yake na mtu aliyebuni mahandaki.

"Bwana Alois, utaumia," alisema Nadja. "Nitajipimia mwenyewe, leo tu."

"Aliyelehemu hapimi," ikajibu sauti kutoka chini ya meza.

Alitoka baadaye akihema, akamnyooshea mkono. Nadja aliipokea pamba kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye taa. Ilikuwa na weusi kidogo.

"Safi," alisema mzee.

"Asante, Bwana Alois," alisema Nadja, akaitia mfukoni.