Dumu la Watu

"Basi kama si mbwa anayelia usiku, ni mimi," alisema Fundi.

Alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani zake asubuhi na mapema, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kumenya vitunguu. Mama mwenye nyumba alimjibu bila kuacha kufagia. Hakuna aliyesema mbwa halii, alisema. Alichosema ni kwamba mbwa ana sababu yake, na kwamba cherehani ya Fundi nayo inanguruma mpaka majogoo, lakini hakuna aliyewahi kumfuata mlangoni kwa ajili hiyo. Fundi akasema cherehani inalisha watoto. Mama akasema na mbwa anawalinda watoto hao hao, maana ukuta ni mmoja. Wapita njia wawili watatu walikuwa wamekwisha kupunguza mwendo. Katika mtaa ule, redio haikufua dafu mbele ya ugomvi wa majirani.

Mbwa aliyekuwa akigombaniwa alilala kando ya ufagio, kichwa juu ya miguu yake, kana kwamba kesi haimhusu. Aliitwa Bosi, na alikuwa wa Bibi, mkongwe wa nyumba ile. Bibi alikuwa amehama. Daktari alimwambia kifua chake kinataka hewa kavu, naye akarudi kuishi katika mji mdogo alikozaliwa, juu kabisa kwenye milima ya jangwa. Tangu siku hiyo Bosi alilala mbele ya mlango wa chumba kitupu na kulia usiku kucha. Chakula alikinusa tu, akakiacha. Mbavu zake zilianza kuonekana.

Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekata shauri. Alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi, akasema ugomvi umekwisha. Lori lake lilikuwa limepakia magunia ya unga ya kupeleka mji ule ule, na leo leo Bosi angekwenda kwa mwenyewe.

Fundi akakohoa. Kumbe na yeye alikuwa na furushi la sare za shule la kupeleka huko huko, na alikuwa amekuja kuomba nafasi kabla mdomo haujampeleka kwingine. Mama alicheka mpaka akauegemea ufagio.

"Haya, utasafiri na mgomvi wako," alimwambia.

"Nitasafiri," alisema Fundi, "lakini mbwa nyuma, watu mbele. Nikifika kwa mwalimu mkuu na manyoya kwenye sare, nitamwambia nini?"

Mjomba, mtu wa amani, alikubali.

Aliyebaki ni Chiriku. Alikuwa binti wa nyumba ile, mwanafunzi wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo naye alikuwa anakwenda kwa Bibi. Kazi yake kabla ya safari ilikuwa moja tu: kujaza maji madumu mawili.

Mjomba alikuwa na kanuni yake ya safari ya milimani, na kila mtu nyumbani aliijua kwa moyo. Dumu la kwanza la gari, dumu la pili la watu. Hakuna kuchanganya.

Bombani palikuwa na foleni. Watu hawakusimama wenyewe. Walipanga madumu yao, kisha wakaenda kukaa kivulini kupiga soga. Chiriku alipanga yake, akawafuata wenzake. Mmoja alikuwa na habari za dada yake aliyekataa kuolewa siku ya kutolewa posa, na habari zenyewe hazikuwa za kusikilizwa nusu. Zamu ya Chiriku ilifika, ikapita. Aliporudi, madumu yake yalikuwa yamesukumwa pembeni. Aliwabembeleza wenye zamu mpaka wakamwachia ajaze moja. La pili hawakutaka hata kulisikia.

Honi ya lori ililia. Chiriku aliwaza haraka. Mara zote Mjomba aliondoka na madumu mawili, na mara zote moja lilirudi limejaa. Lile la pili lilikuwa kama mwavuli wa kiangazi. Akalifunga vizuri kwa karatasi ya nailoni na kifuniko, kama desturi yao, akalisukuma nyuma kabisa, kati ya gunia na gunia.

"Yamejaa yote?" aliuliza Mjomba akiwa amekwisha washa injini.

"Yamejaa."

Neno moja tu. Lilitoka jepesi.

Walisafiri vizuri nusu ya kwanza ya njia. Fundi alikaa dirishani, furushi mapajani, akisimulia habari za wateja wanaonenepa kati ya kupimwa na kushonewa kisha wakamlaumu yeye. Chiriku alicheka mpaka akasahau. Mashamba yaliisha, miti ikawa mifupi, kisha ikawa miiba mitupu. Mbele yao milima ilisimama uchi, rangi ya matofali.

Chini ya mlima palikuwa na kituo kidogo cha mafuta, na ubavuni mwake bomba la maji. Lilikuwa la mwisho kabla ya mji. Mjomba alishuka kukagua magurudumu.

"Chiriku, tuongeze maji au tunayo ya kutosha?"

Hapa angeweza kusema. Angeshuka, akajaza, mambo yakaisha. Lakini Fundi alikuwa ametoka kumsifu, kwamba kwa mtoto wa siku hizi anayejua kazi bila kusukumwa angeshona gauni bure. Chiriku aliliangalia bomba likidondoka tone moja moja.

"Tunayo, Mjomba."

Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi. Huu wa pili ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, mwamba upande huu, bonde upande ule. Jua lilikuwa utosini. Lori lilipanda likiguna kama mzee mwenye magoti mabovu, na kila kona Mjomba aliinama mbele kutazama mshale wa joto. Aliacha kuchangia mazungumzo. Baadaye Fundi naye aliacha kuyaendesha. Kisha, katikati ya mwinuko mkali, mvuke mweupe ulitoka chini ya boneti.

Mjomba alisimamisha lori na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Alingoja mpaka mvuke ukapungua, akafungua boneti. Mpira wa rejeta ulikuwa umechanika, na maji ya moto yalikuwa yakichuruzika barabarani na kukauka hapo hapo.

Chiriku alikimbilia nyuma. Alifunua turubai, na joto lililotoka lilimpiga usoni kama la tanuri. Bosi alikuwa amelala ubavu kati ya magunia. Ulimi ulikuwa nje, mwekundu mno, na mate mazito yalikuwa yakimtoka. Alihema upesi upesi. Chiriku alipomwita, hakuinua hata sikio.

"Mjomba, Bosi anakufa!"

Walimshusha wote watatu, wakamlaza kwenye kivuli chembamba cha lori. Fundi alimtazama mbwa, kisha akalitazama turubai, na uso wake ukabadilika.

Mjomba alisema mbwa ameshikwa na joto, na wasipofika mjini upesi watampoteza. Mpango wake ulikuwa wa haraka. Atamimina dumu lote la kwanza kwenye rejeta, na hata kama linavuja litawafikisha kona mbili tatu. Huko watafungua la pili. Akalivuta dumu lililojaa, akalifungua, akalibeba kuelekea mbele.

Chiriku alimwona akipanda kwenye bampa, na aliyaona yote yatakayofuata. Maji yangemwagika barabarani pamoja na yale mengine. Lori lingezimika kona mbili mbele, kwenye mwamba usio na kivuli. Mjomba angelifungua dumu la pili. Na Bosi je? Na wao je? Aibu ilimshika shati huku, hofu ikamvuta kule. Mjomba aliinamisha dumu.

"Usimimine, Mjomba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Usimimine. Lile la pili halina kitu. Sikulijaza. Nilikudanganya nyumbani, nikakudanganya na kituoni."

Upepo mkavu ulipita ukichezea ncha ya turubai. Mjomba alilisimamisha dumu, akalifunika, akashuka taratibu kama mtu anayebeba mayai. Chiriku alingoja kofi au kelele. Havikuja, na kutokuja kwake kulimuumiza zaidi.

"Tutaongea baadaye," alisema Mjomba. "Sasa hivi haya ndiyo maji yote tuliyo nayo. Mbwa kwanza."

Alimwonyesha Chiriku la kufanya. Walimlowesha Bosi tumboni, kwapani, masikioni na kwenye nyayo. Hawakummiminia maji kinywani, asije akapaliwa. Fundi alilifungua furushi lake. Chiriku alidhani anazikagua sare, lakini alitoa kipande kirefu cha bitana, akakishika ncha mbili na kuanza kumpepea mbwa kwa nguvu, jasho likimtiririka mpaka kwenye futi yake.

"Mimi ndiye niliyesema mbwa nyuma," alinung'unika, bila kumwangalia mtu. "Pepea na wewe huko. Usikae kama picha."

Walilowesha na kupepea, wakalowesha tena. Mjomba alikuwa akiupima mpira uliochanika kwa kidole. Maji yaliyobaki yalikuwa kama nusu ya dumu. Alisema wazi kwamba kama mpira utaendelea kuvuja, hayawafikishi popote, na katika barabara ile siku nyingine halipiti gari mpaka kesho yake.

Fundi aliacha kupepea, akaja kuutazama mpira kama anavyotazama suruali iliyochanika makalioni.

"Kumbe ni tundu tu," alisema. "Ungelisema tangu mwanzo."

"Ningelisema vipi, na mimi nilidhani nina madumu mawili?" alijibu Mjomba. "Mwenye maji mengi hazibi tundu. Anaongeza maji."

Fundi alitoa mfukoni kipande cha sabuni kavu, kile anachotumia kuchora mistari kwenye vitambaa. Akakilainisha kwa maji kidogo, akakipaka kwenye ufa mpaka ukajaa. Kisha akachomoa lastiki ndefu ya viuno vya kaptura na kuuzungushia mpira, akivuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, akamaliza kwa fundo ambalo Mjomba alishindwa kulisogeza hata kwa koleo. Walingoja injini ipoe na jua liuvuke mwamba. Ndipo Mjomba alipomimina maji kidogo kidogo, wote watatu wakikodoa macho. Tone moja lilitokeza, likaning'inia, likabaki pale pale.

Bosi alikuwa ameinua kichwa. Chiriku alimwekea maji kwenye kiganja, naye akayalamba, mara ya kwanza polepole, kisha akatafuta mengine. Hapo ndipo Chiriku alipolia.

Waliondoka taratibu, wakisimama kila lori lilipochoka. Madirisha yalikuwa wazi, na mbwa alikuwa mbele, nusu miguuni kwa Chiriku, nusu kwenye viatu vya Fundi. Furushi la sare lilikwenda nyuma kwenye unga.

Mji ulijitokeza ghafla baada ya kona ya mwisho: nyumba za mawe zilizobanana ubavuni mwa mlima, paa bapa, matangi ya maji juu yake, na vichochoro vya mchanga. Lori lilisimama mbele ya mlango wa buluu. Kabla honi haijapigwa, Bosi alinyoosha masikio. Alishuka akiyumba, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akalala kizingitini. Safari hii mlango ulifunguka.

Bibi aliinama taratibu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa, akauacha hapo.

Baadaye, walipokwisha kunawa vumbi, Bibi aliuliza kwa nini Bosi amelegea hivi na kwa nini wamechelewa hivi. Mjomba alianza kusema barabara ilikuwa mbaya. Chiriku akamkatiza. Alisimama mbele ya Bibi na kusimulia yote, tangu soga ya bombani mpaka tone la mwisho, bila kujipunguzia.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta karibu.

"Mjukuu wangu, dumu tupu si kosa kubwa. Dumu tupu hujazwa. Kama ungesema asubuhi, mngechelewa kidogo. Kama ungesema kituoni, mngepoteza muda wa kunywa chai. Lililotaka kuwaua ni kuambiwa limejaa, maana aliyeambiwa limejaa hatafuti maji tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na ulisema pale ambapo kusema kulikuwa kugumu. Hilo nalo nimelisikia. Kesho utaamka mapema. Tangi langu linajazwa kwa ndoo, na kisima kiko chini kule. Utalijaza wewe, nami nitapanda kuchungulia kila jioni mpaka siku nitakapoacha kuchungulia. Siku hiyo utajua mwenyewe maana yake."

Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mlimani.

Nje, Fundi alikuwa bado amesimama kando ya lori, akipangusa unga kwenye furushi lake lililokwisha kuwa safi. Alimwomba Mjomba amwelekeze njia ya shuleni, ingawa giza lilikuwa linaingia na hakuna mwalimu wa kumpokea sare saa ile. Mlangoni hakuthubutu kutazama. Harufu ya chakula ilitoka ndani, ikamzunguka, naye akajifanya haijamfikia.

Bibi alitoka mpaka kizingitini, shuka begani.

"Fundi, nasikia mwezi mzima hukulala kwa sababu ya mbwa wangu."

Fundi alishika futi yake kwa mikono miwili. Alisema si mwezi mzima, ni usiku mmoja mmoja tu, na kwa kweli mbwa mwenyewe ni mstaarabu.

"Basi leo utalala vizuri, maana halii tena," alisema Bibi, akasogea kando kumpisha. "Acha hilo furushi hapo, baba. Maji ya kunawa yako mlangoni. Ingia ule."