Jina la Mwenye Kompyuta

Kompyuta ilianza kunuka udongo uliolowa mvua, na Voi mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Ilikuwa ya Abby, mke wa kwanza wa Vincent, aliyezikwa kwao Bura. Ilipoharibika, Vincent aliomba kitu kimoja tu, picha zisipotee. Phanice, mke wake wa sasa, alisema sawa, kisha akaifuta yote: picha, nyimbo, hata sauti ya yule mwanamke akimbembeleza binti yake, Daisy. Akaweka mfumo mpya. Ulipouliza jina la mwenye kompyuta, vidole vyake vilisita, halafu vikaandika Mama Daisy. Majirani walimwita hivyo, ingawa Daisy hakuwa wa tumbo lake. Alitaka angalau kitu kimoja ndani ya nyumba ile kikubali jina hilo bila kumwangalia mara mbili.

Lakini apdeti hazikuisha. Kompyuta ilijizima, ikawaka, ikadai nyingine. Feni yake ilivuma kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

"Bado?" Vincent aliuliza wakati wa chakula cha mchana.

"Inaingiza apdeti."

"Na picha zake?"

Zake. "Zipo. Wacha imalize."

Vincent aliporudi kazini, skrini iliwaka na picha ambayo Phanice alikuwa ameifuta kwa mkono wake: Abby shambani, amegeuka, mgongo tu. Akaifuta tena. Ikajizima, ikawaka, na sasa bega lilikuwa limegeuka kidogo, kisha shavu, na kila apdeti ilipokamilika na nyingine kuanza yule mwanamke alizidi kugeuka, na harufu ya udongo ikazidi, na ule wimbo wa mdomo uliofungwa ukawa wimbo anaoujua, ule wa kumbembeleza Daisy, mpaka jicho moja likatokea na kumtazama.

Akamwita jirani yake, Tryphena.

"Mama Daisy, na ulivyosoma chuo, unaogopa mashine?" Tryphena alitania mlangoni.

Feni ikavuma kwa nguvu, kama imeitwa. Tryphena akaacha kucheka.

"Uliiandikia jina gani?"

Phanice akamwonyesha.

"Mimi nilikuwa Bura kwa mazishi," Tryphena akanong'ona. "Msalabani hawakuandika Abby. Waliandika Mama Daisy. Umemwita, naye ameitika. Andika lako, hilo mwachie."

"Nikimwachia, mimi nitakuwa nani humu ndani?"

Tryphena akamsogezea kibodi. "Andika, dada."

Akaandika Phanice. Feni ikanyamaza. Skrini ikabaki buluu tupu, harufu ikaondoka, na kwa mara ya kwanza kompyuta ikasema hakuna apdeti iliyobaki. Tryphena akaomba kwa sauti ya chini, kisha akaenda kuepua maharagwe yake.

Daisy aliporudi kutoka shule, alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Mwaka mzima alikuwa amekataa kumwita Phanice mama, na tangu Pasaka alikuwa amekubali.

"Shikamoo, Phanice," alisema kwa adabu, kama anayemsalimu mgeni.

Mtoto akampita, akaelekea chumbani, ambako hakukuwa na mtu.

"Mama, nimerudi."

Mle ndani, aliyekuwa akiimba kwa mdomo uliofungwa akanyamaza.

"Karibu, mwanangu," akajibu. "Funga mlango."