Ngazi ya Baba Mkwe

"Usije huku leo, Sietske. Shamba limefungwa."

Nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu vya majani vya supu, simu nimeibana na bega. Ilikuwa Alhamisi. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi.

"Limefungwa na nani? Jelmer, usinitanie."

"Serikali. Mafua ya ndege. Tangu alfajiri wamekufa kuku mia mbili. Waliobaki, elfu arobaini, wanauawa kesho. Baba amekaa juu ya ndoo."

Kisu kikanidondoka.

"Mpenzi, wa kwako wazima?"

"Wazima," nikasema.

Mwongo mkubwa mimi! Nilikuwa na kuku wanane nyuma ya nyumba. Amri ya kuwafungia ndani ilikuwa imetoka, nikawaonea huruma, nikawafungulia kwa saa moja tu ili wale konokono kwenye sukuma zangu. Bata bukini wa porini, wabebaji wa mafua hayo, walikuwa wametua pale pale. Jumatatu ya wiki iliyopita nikakuta watatu wamekufa, vichwa vimegeuka bluu. Nikawazika chini ya sukuma, nikanyamaza. Nilijua nikitoa taarifa, mashamba yote ya jirani yatafungwa, la baba mkwe likiwemo, na harusi itakufa. Nikajiona mjanja.

Kesho yake Jelmer akaja kuziba paa la banda langu, amebeba ngazi ya baba yake.

"Mbona watano? Wengine wako wapi?"

"Nimempa shangazi."

Akacheka. "Huyo shangazi yako, kesho atatuuzia mayai yetu wenyewe."

Sasa sauti yake ikanirudisha kwenye simu.

"Sietske? Upo?"

"Nipo."

"Namshukuru Mungu kama wako wazima. Nilianza kuogopa kwamba ni mimi niliyeuleta ugonjwa huu kutoka kwako."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikashindwa kuendelea kuficha.

"Jelmer... wale watatu sikumpa shangazi."

Nilisikia lori likirudi kinyumenyume huko kwao.

"Walikufa?"

"Walikufa. Nilikuwa nailinda harusi yetu."

"Viatu nilibadilisha mlangoni," akasema taratibu. "Mikono niliosha. Ngazi sikuiosha. Kila kitu cha nje tunakiosha kabla hakijaingia kwa kuku, unajua. Ila ilitoka kwako, nikaiingiza moja kwa moja. Kwako nilikuwa nahesabu ni kwangu."

"Nisamehe, mpenzi. Nakuomba."

Akakata. Nikapiga mara kumi na moja, haikupokelewa.

Ijumaa watu wa serikali wenye mavazi meupe ya kujikinga wakaja kwangu, wakafukua sukuma, wakachukua mizoga pamoja na wale watano wazima. Kuku mmoja alikuwa bado ana yai joto kiotani. Nililia mbele yao bila haya.

Mchana ujumbe ukaingia:

"Nimemwambia Baba kwamba nilijua, na kwamba ni mimi niliyekushauri unyamaze. Usimwambie vingine. Na usinitafute tena."

Nikaandika: "Usijibebeshe dhambi yangu!" Haukufika. Alikuwa ameifungia namba yangu.

Jumamosi, saa ile ile ambayo tulikuwa tufunge ndoa, nilikuwa getini kwao. Mzee Douwe, baba yake, akaja, macho mekundu. Nyuma yake mabanda yalikuwa kimya kabisa.

"Mzee, Jelmer hakujua lolote. Ni mimi peke yangu."

"Najua, binti. Yule hajui kudanganya. Aliniangalia viatu muda wote akiongea."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ulikuwa mjinga, si mbaya."

Nikashika geti kwa mikono miwili.

"Basi niruhusu nimwone. Hata kwa mbali."

Mzee akatikisa kichwa.

"Nilimwambia asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, kama mimi nimeweza kumsamehe, na wewe jaribu."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Baba, wewe umesamehe kuku tu.'"

Mzee akanipa pole, akarudi kumsaidia mwanawe kusafisha.